Mwalimu Alipochukua Fomu

Mwezi uliopita, tulipomaliza kula, mume wangu alizima televisheni. Mpenzi msomaji, kwetu televisheni haizimwi hivi hivi wakati kuna mpira. Nikajua kuna jambo.

"Mama watoto, mwaka 2030 nataka nigombee ubunge kwetu Biharamulo. Unasemaje?"

Ni mwalimu wa sekondari, mwaka wa 13 sasa. Sikumjibu. Nilikwenda kuosha vyombo, na wala zamu haikuwa yangu.

Si kwamba namwona hafai. Walimu na siasa hapa nchini ni chanda na pete. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili ashike kazi ya TANU. Magufuli naye alifundisha kemia na hesabu Sekondari ya Sengerema, na mwaka 1995 akapata ubunge wa Biharamulo Mashariki, jimbo ambalo baadaye likaitwa Chato. Huyo ndiye mume wangu anamtaja kila mara. Lakini mimi mfano ninaoujua ni wa ndani ya nyumba yetu, kule Ngara.

Baba alifundisha shule za msingi miaka 38. Mwaka 1994, wakimbizi karibu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo ndani ya kama siku moja, wilaya nzima ilichanganyikiwa, ila yeye aliendelea kuita majina darasani kila asubuhi. Nusu ya watu wa kata yetu walijifunza "a, e, i, o, u" kwake. Hata mama alimwita Mwalimu.

Alistaafu 2009, akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo kikaingia Juni 2010. Mama alikuwa na hesabu zake: bati za nyumba, halafu mashine ya kusaga. Alishaulizia bei mpaka Kahama.

Habari za ubunge alizipata sokoni. Alikuwa anapimiwa dagaa, muuzaji akamwambia, "Hongera, mama mheshimiwa!" Akadhani anataniwa. Alipofika nyumbani akaikuta fomu mezani, imeshajazwa, kwa ule mwandiko mzuri wa ubaoni.

Mimi nilikuwa chuo. Nilipanda basi Ubungo, nikalala njiani, nikapita Kahama na Lusahunga mpaka nyumbani. Nilitegemea kukuta ugomvi. Nikamkuta mama anapiga pasi kaunda suti ya baba, kimya. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka kura za maoni zilipokwisha.

Baba aliingia uwanjani kwa mbwembwe. Takrima ilishabatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na 2010 hiyohiyo ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Aliisoma yote, akapiga mistari kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha insha. "Mimi sitoi hata senti," akasema. "Hawa ni wanafunzi wangu."

Na kweli walikuwa wanafunzi wake. Nilifuatana naye siku tatu. Kila tulipofika watu walisimama: "Shikamoo Mwalimu!" Aliwaita kwa majina, na ya baba zao. Halafu, akishapanda gari, mmoja anasogea dirishani, anashika kofia mkononi: "Mwalimu, hutuachii hata ya soda?"

Wiki ya pili akaanza kuacha. Elfu mbili huku, elfu tano kule. Jamani, baba yangu! Mtu aliyewahi kunichapa mbele ya darasa zima kwa sababu nilichungulia daftari la jirani. Siku moja macho yetu yalikutana, noti ikiwa mkononi mwake. Akaangalia pembeni. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo kuliko fedha yenyewe.

Hakuingia hata tatu bora. Gari la kukodi, mafuta, kofia, muda wa maongezi, na hizo soda: kiinua mgongo kilibaki cha kununulia sukari.

Usiku matokeo yalipotoka, nilisikia sauti ya mama chumbani.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Basi, yakaisha hapo. Kwa karibu mwaka mzima mama alimwandalia chakula, akamfulia, akamwitikia kwa adabu zote, lakini neno Mwalimu halikumtoka. Baba akaweka ubao chini ya mparachichi, akaanza kufundisha tuisheni, na kila mwisho wa mwezi alimkabidhi mama hela yote bila kuihesabu. Bati zilipanda 2014. Mashine ya kusaga haijanunuliwa.

Nilipomaliza vile vyombo nilitoka nje nikampigia mama simu. Nikamweleza mkwe wake anataka nini. Akanyamaza, nikasikia kuku wake tu.

"Amekuuliza, au amekwambia?"

"Ameniuliza, mama. Alizima na mpira."

"Fomu ameshachukua?"

"Bado. Anasema 2030."

Akacheka kidogo, kicheko ambacho sikumbuki lini nilikisikia mara ya mwisho. Kisha akageuka kuongea na mtu aliyekuwa karibu naye. "Mwalimu," nikamsikia anaita, "njoo umsikie mwanao."