Kikohozi cha mjomba na ukoga wa jahazi

Msomaji, kuna makosa mtu unayafanya huku ukijiona mwema. Hili langu nililifanyia kwetu Moa, kule Mkinga, jirani na mpaka wa Kenya.

Mjomba wangu ni mvuvi. Mwaka 2018 aliugua kifua kikuu. Akameza dawa miezi sita bila kuruka siku, akapimwa makohozi, akaambiwa kapona. Tukachinja kuku. Weee! Haukupita mwaka, kikohozi hicho tena. Kila asubuhi makohozi ya kijani, mazito.

Mtaa ukaanza. "Hajapona huyo." Wengine, "Karogwa." Nami mtoto wa mjini, nikamtengea kikombe chake. Alikiona, akanyamaza.

Halafu nikajitia udaktari. Kila nikitoka Tanga namletea vidonge vya rangi mbili vya duka la dawa, leo vinne, mara nyingine sita, kadiri ya mfuko. Akivimeza anapata nafuu siku tatu, ya nne anakohoa kama boti iliyoingia maji kwenye injini. Nikasema dawa za siku hizi feki.

Mwaka 2022 tukampeleka hospitali mjini. Akapimwa upya, TB hakuna. Picha ya kifua ikaonyesha makovu, na baadhi ya mirija ya mapafu imetanuka, makohozi yanatuama humo. Daktari akamwuliza, "Mzee, jahazi likikaa majini muda mrefu linakuwaje?"

"Linaota ukoga."

"Basi na kifuani mwako ndiyo hivyo hivyo."

Kumbe bakteria wakipata pahala pametuama hawaelei ovyo. Hushikana, hujizungushia ute, wakaishi humo kama mji wenye ukuta. Wataalamu wanauita bayofilimu. Dawa inaua walio nje, mgonjwa anapata nafuu. Walio ndani ute unawakinga, tena wengine wamelala, na dawa nyingi humpata anayekua na kuzaliana. Humo ndani wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko wanaoelea. Nusu dozi zangu zilikuwa zinawafundisha ukaidi tu.

Usidhani ni mambo ya mbali. Ukoga wa meno yako ni bayofilimu pia. Mholanzi Leeuwenhoek aliuchungulia kwa darubini mwaka 1683, akaona vidudu vinacheza.

Habari ya mapafuni ilifumbuliwa zaidi na wagonjwa wa sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayofanya makohozi kuwa mazito tangu utotoni. Miaka ya 1970 daktari Niels Høiby wa Copenhagen aliona bakteria aina ya Pseudomonas wamejikusanya vishada vishada kwenye makohozi yao. Mjomba hana maradhi hayo. Yake ni makovu ya TB. Lakini ukoga ni ule ule.

Sasa jahazi lenye ukoga hulipigii kelele, unalivuta pwani unalikwangua. Mjomba naye kafundishwa kulala upande kwa upande, kiuno juu kichwa chini, anapigwapigwa mgongo makohozi yashuke. Sigara marufuku. Kikohozi kikichachamaa, makohozi yanapimwa kwanza, ndipo anapewa dawa inayofaa, dozi kamili. Hajapona kabisa, lakini baharini anakwenda.

Na kile kikombe? Daktari alicheka. TB husafiri kwa hewa, si kwa kikombe, na mjomba hakuwa nayo tena. Niliporudi Moa nikaenda kumwomba radhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwangu." Akanimiminia kahawa kwenye kikombe kile kile, akanitazama usoni. Nikainywa yote. Chungu, lakini ilinistahili.

Wewe mwenye mjomba anayekohoa baada ya kumaliza dawa za TB, mpeleke akapimwe upya. Usimtengee kikombe, na uache kumnunulia vidonge vya kuhesabu kama pipi.