Kabla ya Kuulaumu Mkono



Katika miaka zaidi ya thelathini niliyosomesha chuoni, nimewakemea watoto wengi kwa ubaya wa khati. Mmoja wao nilimdhulumu, na khabari yake ndiyo nitakayo kuieleza.

Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Herufi zake zilipanda na kushuka, na nukta za te na the ziliangukia mbali na mahali pake. Kila siku nilimwambia, "Andika polepole." Akaandika polepole, wala khati haikutengenea. Nikamwita mzembe mbele ya wenziwe.

Siku moja mamake alinijia akasema, "Maalim, mwanangu hata akipewa kikombe, mkono wake hukikosa." Hapo nikaingiwa na shaka. Tukampeleka kwa tabibu wa macho, akamkuta haoni vyema vitu vya karibu.

Tabibu alinieleza kuwa mkono uendapo, jicho huupasha ubongo khabari za mahali ulipo mkono na mahali unapokusudia kufika. Ubongo hupima tofauti, ukausahihisha mkono ungali njiani. Mwaka 1899 mtaalamu wa Kimarekani, Robert Woodworth, alitoa majaribio yake ya kuwapigisha watu mistari, mara macho wazi, mara wameyafumba. Walipokwenda polepole, macho wazi yaliwafaa sana. Walipokwenda mbio mno, tofauti ikatoweka, kwani mkono ulikwisha kufika kabla jicho halijawahi kuusahihisha.

Maneno yale yalinichoma. Kumbe upole wa mkono hulipa jicho nafasi ya kusahihisha, na jicho la mtoto yule lilikuwa halina la kusahihishia! Usiku ule nilifumba macho nikaandika jina langu mara tatu. Nilipoyafumbua, mstari wa tatu ulikuwa umepanda juu ya wa pili.

Mtoto alipewa miwani. Hakutengenea siku ile ile, kwani ubongo nao huhitaji kuzoea, lakini baada ya wiki chache nukta zilikaa mahali pake. Nami nikamtaka radhi mbele ya wenziwe wale wale.

Basi enyi wazazi na walimu wenzangu, mtoto akimwaga chai au akipotoka mstari, msikimbilie kuulaumu mkono. Kwanza yaangalieni macho yake.

Wassalaam.