Ramani ya kina Ory

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa nachapa barua kwenye steshenari moja Karatu mjini: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na dishi la setilaiti juu ya bati. Kila alfajiri magari ya utalii yalipita mbele yetu kuelekea lango la Loduare na kreta ya Ngorongoro. Januari ile yakapungua ghafla. Kenya ilikuwa inaungua baada ya uchaguzi, na wageni wetu wengi walitua Nairobi kwanza ndipo wavukie Namanga.

Madereva wakahamia dukani. "Dada, hebu tuchungulizie Nakuru pamekaaje." Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku Kenya tangu Desemba 30, na redio tulishazichoka. Mgeni mmoja ndiye aliyetuandikia nyuma ya risiti anwani ya Ushahidi, tovuti yenye ramani ya machafuko hayo.

Ukurasa ulifunguka kwa kujivuta: kichwa, nusu ramani, kisha vidoti vyekundu kimoja kimoja. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Ukibofya kidoti unasoma: nyumba zimechomwa, barabara imefungwa. Dereva anatikisa kichwa, anatoka nje kumpigia simu tajiri wake.

Wazo la Ushahidi lilikuwa la Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyehitimu Harvard na mmoja wa waanzilishi wa Mzalendo, tovuti ya kuwafuatilia wabunge iliyoanzishwa mwaka 2006. Mapema Januari 2008, akiwa amerejea Johannesburg, aliwaomba wenye ujuzi watengeneze ramani ambayo raia wangeijaza wenyewe. Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman wakajitosa, na ndani ya siku chache ikawa hewani. Watu walituma taarifa kwa tovuti au kwa ujumbe wa simu. Programu yenyewe ikaachwa huru kwa yeyote, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko.

Wapo wanaosema Ory si mtu wa kompyuta kwa kuwa hakuandika programu. Mimi sikubaliani nao. Kujua mashine ifanye kazi gani, tena watu wakiwa wanauawa, ni ufundi pia. Na Juliana, msomi wa kompyuta hasa, baadaye aliliongoza shirika la Ushahidi.

Hata pale dukani sisi tuliitwa "mabinti wa kuchapa". Nilipoomba ruhusa nikajifunze kutengeneza tovuti Arusha, bosi akauliza barua za vijiji atachapa nani. Nikamwambia atafute kijana wa kiume, naye ana vidole.