Nywele za Mabinti Zetu Wakati wa Kaskazi

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Disemba, upepo wa kaskazi huanza kuvuma katika pwani yetu hii ya Mombasa, na pamoja nao huja joto na fukuto lisilotutoka mpaka masika yanyeshe. Nguo zilizoanikwa hukawia kukauka, chumvi hurojeka katika kikopo chake, na milango ya mbao huvimba ikakataa kufungika. Katika siku hizo hizo nywele za wengi wetu nazo huvimba. Binti huchanwa asubuhi akapendeza, na kabla ya adhuhuri nywele zimekwisha kuwa timutimu chini ya mtandio, zimesokotana, na kila unywele umeshika njia yake.

Huenda msomaji akasema kuwa hili ni jambo dogo, wala halistahili kuandikiwa katika kurasa zisomwazo na watu wa nyumba nzima. Sisi hatuoni hivyo. Tumeishi katika nyumba zenye mabinti wengi, nasi twayajua maneno wanayoambiwa kitana kinapokwama: kwamba nywele zao ni mbaya, ni ngumu, ni za kipilipili, na laiti zingalikuwa za singa kama za fulani. Maneno hayo hurudiwa kila kaskazi, tangu mtoto ana miaka minne mpaka aolewe, nayo hayatoki moyoni kwa urahisi. Kwa hivyo twapenda kueleza, kwa kadiri tujuavyo, kwa nini nywele hufanya hivyo, na namna ya kuzitunza pasi na kuzidhuru wala kumdhuru mwenyewe.

Unywele umefanywa kwa kitu kiitwacho keratini, ambacho ndicho kilichofanya kucha pia. Ndani yake mna vifungo vya namna mbili. Viko vifungo dhaifu, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga tena; na viko vifungo vya nguvu, ambavyo maji hayaviwezi. Sasa hewa ya kaskazi imejaa maji tusiyoyaona kwa macho. Maji hayo huingia katika unywele, vile vifungo dhaifu hufunguka, unywele huvimba na kurefuka kidogo, kisha hujifunga upya kwa umbo lake la asili. Ikiwa asili yake ni kujikunja, hujikunja. Na kwa kuwa nywele zote hazinywi maji kwa kadiri moja, huu hujikunja mapema na huu baadaye, ndipo kichwa kizima kikaonekana kimetimka.

Jambo hili ni la hakika hata wataalamu wamelitumia kupimia hewa. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa mji wa Geneva, alieleza kipimo cha unyevu alichokitengeneza kwa unywele wa mtu: hewa ikiwa na maji mengi unywele hurefuka, hewa ikikauka hufupika, na mshale uliofungwa nao huonyesha kiasi chake. Basi unywele unaovimba wakati wa kaskazi haukuharibika. Wafuata maumbile uliyoumbiwa, na watueleza kweli juu ya hewa iliyotuzunguka.

Liko na jambo la pili. Mafuta yatokayo katika ngozi ya kichwa huteremka kwa wepesi juu ya unywele ulionyooka, lakini juu ya unywele uliojikunja hukwama karibu na shina. Kwa sababu hiyo nywele za kujikunja aghlabu huwa kavu kwenye ncha zake, na zikikauka huparara na kukatika upesi. Mwenye nywele hizi huhitaji kuzitia mafuta kwa mkono wake, kwani yale ya asili hayafiki mwisho wa safari.

Sikukuu ya Idi ya Mfunguo Mosi ya mwaka 2025 iliangukia mwisho wa mwezi wa Machi, na joto la kaskazi lilikuwa lingalipo. Binti wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 12, alikeshea usiku wa kuamkia Idi akinyooshwa nywele kwa pasi ya umeme. Alfajiri zilikuwa zimelala kama hariri. Tuliporudi kutoka kusali, naye alipovua mtandio ili ajitayarishe kupokea wageni, zilikuwa zimerejea zilivyokuwa, na baadhi yake zimekatika kwa moto. Akajifungia chumbani akilia. Wifi yetu, kwa huruma ya mama, akamwahidi kutoka nje ya mlango kwamba sikukuu ikiisha atampeleka akatiwe dawa, zisimsumbue tena.

Tulimwomba wifi yetu asubiri kidogo, tukaingia kwa yule mtoto. Akatuuliza, "Shangazi, kwani mimi nimekosa nini hata Mungu akanipa nywele hizi?" Hatukumjibu kwa haraka. Tulimkalisha chini baina ya magoti yetu, tukazitia nywele zake maji, tukaanza kuzifungua fungu moja moja, na huku tukimweleza haya tunayoyaandika hapa.

Pasi ya umeme na kitana cha moto hugeuza vile vifungo dhaifu tu. Kwa hivyo unyofu wake hudumu maadamu hewa ni kavu, na hewa kavu katika Mombasa mwezi wa Machi haipatikani. Moto wa pasi hizo waweza kupita digrii 200, nao huunguza unywele ukawa mwepesi wa kukatika. Ama dawa za kunyoosha, hizo huvunja vifungo vya nguvu. Baadhi yake zimefanywa kwa haidroksaidi ya sodiamu, ambayo ni magadi makali yatumikayo pia katika kutengeneza sabuni na kuzibulia mabomba. Ikikaa kichwani kupita muda wake huchoma ngozi ikatoa vidonda. Wala kazi yake haina mwisho. Nywele huota kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na ziotazo ni za asili ile ile, basi baada ya wiki chache mtu hana budi kurudi kutiwa tena.

Yako na makubwa kuliko hayo. Mwezi wa Oktoba 2022 wataalamu wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya wanawake 33,497, waliofuatiliwa kwa muda wa karibu miaka 11. Katika hao, 378 walipatwa na saratani ya mji wa mimba. Wale waliokuwa wakinyoosha nywele kwa dawa zaidi ya mara nne kwa mwaka, khatari yao ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wasiotumia: wataalamu walikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 70 ugonjwa huo huwapata asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa, na asilimia 4.05 ya wazitumiao sana. Utafiti huo haukukata shauri kuwa dawa ndiyo sababu, wala hausemi kwamba kila aitumiaye ataugua. Lakini mama anayetaka kumwanzisha mtoto wa miaka 12 katika jambo atakalolifanya miaka hamsini, ni haki yake ayajue haya kwanza. Wifi yetu alipoyasikia alinyamaza, kisha akatwaa kitana akaja kukaa upande wa pili wa kichwa.

Na dini yetu haikutuacha bila ya uwongozi katika mambo haya. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba mwenye nywele azikirimu, na alipomwona mtu aliyetimka nywele hakupendezwa naye. Lakini pia alikataza mtu kushughulika na kuchana kila siku. Tazama wasitani uliomo katika mafunzo hayo mawili, na jinsi unavyoafikiana na nywele za kujikunja, ambazo zikiachwa husokotana, na zikichanwa kila siku hukatika. Na yeye mwenyewe, kwa ilivyosimuliwa na Anas bin Malik, nywele zake hazikuwa za kujikunja mno wala za kunyooka kabisa. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Ar-Rum, ametaja kukhitalifiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Basi vipi twaitukuza ishara hiyo kwa ulimi, kisha twaidharau ikiwa juu ya kichwa cha mtoto wetu?

Wako mabinti waogopao kusuka kwa kudhani kuwa msuko huzuia josho. Bibi Umm Salama (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo hilo hilo, yeye akiwa ni mwanamke anayekaza misuko yake, naye akamjibu kuwa katika josho la janaba yamtosha kujimiminia maji kichwani mara tatu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba la muhimu ni maji kufika katika nywele zote, nje na ndani, mpaka mashinani. Yasipofika kwa sababu ya kukazwa sana, ndipo msuko hufumuliwa. Kadhalika mafuta mazito mfano wa nta, yafanyayo ganda juu ya unywele, yaondolewe kwanza.

Sasa tuje kwenye utunzaji wenyewe. Wakati wa kaskazi nywele zioshwe mara moja kwa wiki, au mara mbili ikiwa jasho ni jingi. Mama zetu walitumia majani ya mkunazi yaliyopondwa, ambayo hutoa povu jepesi lisilokausha; asiyeyapata atumie sabuni ya nywele iliyo laini, wala asitumie sabuni ya kufulia. Zikiwa zingali majimaji, zigawanywe mafungu manne au zaidi, kila fungu lipakwe mafuta, kisha lichanwe kwa kitana chenye meno mapana kuanzia kwenye ncha kupanda shinani. Achanaye kuanzia shinani hukusanya mafundo yote mahali pamoja, na hapo ndipo mtoto aliapo.

Katika mafuta, ya nazi yatutosha. Tui zito huchemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na mafuta yaelee, yakachujwa. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini yake, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakuliweza. Yapakwe kidogo, khasa kwenye ncha, kwani yakizidi kichwani huchanganyika na jasho yakalisha mba. Na mwenye kununua mafuta ya dukani asome maandishi ya chupa: gliserini huvuta maji yaliyo hewani, na katika fukuto ikizidi huzifanya nywele zivimbe zaidi.

Baada ya hapo zisukwe. Nywele zilizosukwa hazina nafasi ya kutimka, nazo hukaa siku kadhaa bila ya kuguswa. Twende kilioni au mabutu mawili yatosha kwa mtoto wa shule. Lakini msuko usikazwe mpaka macho yakavutika. Mtoto akisema yamuuma, mama alegeze. Kuvutwa siku zote hung'oa nywele za kipajini na za pembeni, na shina likiharibika sana haliotezi tena. Tumewaona wanawake wa makamo waliobaki na upara pembeni kwa misuko ya udogoni.

Wala mtandio usifungwe juu ya nywele zilizorowa. Maji yakifungiwa kwa joto huleta harufu na kuwasha. Afadhali nywele zioshwe jioni, zikauke kwa upepo wa dirishani, na usiku zifungwe kwa kitambaa cha hariri au satini, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta na huzikwaruza.

Yule binti alisukwa siku ile ile ya Idi, akatoka kuwapokea wageni, na hivi leo hujisuka mwenyewe kila Ijumaa. Dawa haikutajwa tena. Nywele zake kaskazi ikiingia huvimba kama zilivyovimba zamani.

Lililobaki ni letu sisi wakubwa. Enyi mama na enyi shangazi, tuyaondoe majumbani mwetu yale maneno ya "nywele mbaya" na "nywele nzuri." Nanyi enyi baba, mzaha mnaoufanya mezani juu ya kichwa cha binti yenu huwa kwake si mzaha. Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaona kuwa mtoto haiachi asili yake ila baada ya kuichukiza kwake wale awapendao.

Kaskazi itarejea Insha Allah, na unyevu wake pamoja nayo. Na itukute tumekwisha kuweka tayari kitana cha meno mapana, mafuta ya nazi, na neno jema la kumwambia mtoto wakati wa kumchana. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.