KAZI YA MUNGU HAINA MAKOSA, LAKINI YA MWANADAMU INAYO

Somo: Luka 13:1-5, Kumbukumbu la Torati 22:8



Leo ni tarehe 12 Machi. Naomba tusimame kidogo pamoja na familia 17 za mbali sana na sisi.

Asubuhi ya siku kama ya leo, mwaka 2009, helikopta iliondoka St. John's, katika jimbo la Newfoundland and Labrador nchini Kanada. Zaidi ya kilomita 300 mashariki mwa mji huo, ndani ya Bahari ya Atlantiki, kuna visima vya mafuta. Watu hukaa huko kazini kwa majuma kadhaa, kisha hurudi kwa watoto wao. Matatu yao ni helikopta. Siku hiyo ilibeba abiria 16 na marubani wawili.

Wakiwa njiani, giaboksi ikapoteza presha ya oili. Marubani wakageuza kurudi nchi kavu. Dakika kama 11 baadaye, helikopta ikaanguka baharini. Watu 17 walikufa. Mmoja tu aliokolewa, baada ya kukaa zaidi ya saa moja katika maji yaliyokaribia kuganda.

Najua kuna anayeuliza, "Mchungaji, sisi na Newfoundland wapi na wapi?" Mpendwa, asubuhi hii wewe mwenyewe umemuaga mtu anayeenda kazini. Yuko mjengo ghorofa ya saba. Yuko kwa lori njia ya Malaba. Yuko melini, aliondoka Mombasa mwezi uliopita. Waliokuwa katika helikopta ile waliagwa vivyo hivyo.

Na msiba ukitokea kwetu, unajua tunavyosema pale matangani. "Kazi ya Mungu haina makosa." Nami naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini sentensi hiyo tumeigeuza blanketi. Tunafunika nayo kila kitu, hata yale ambayo Mungu hakuyafanya.

Fungua Luka 13. Mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Watu wa wakati ule walikuwa na jibu tayari, kwamba lazima marehemu walikuwa na dhambi kubwa. Yesu alikataa. Aliwaondolea wafu lawama, kisha akawageukia walio hai akawaambia watubu. Heshima ya kwanza kwa waliokufa kazini ndiyo hiyo. Usiwatafutie laana. Usiulize walikuwa wameokoka au walikuwa wanakunywa. Jiulize wewe uliye hai unapaswa kubadilisha nini.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa ile helikopta, aina ya Sikorsky S-92A. Wachunguzi wa Kanada waligundua kwamba bolti zilizoshika bakuli la filta ya oili zilivunjika. Zilikuwa tatu, za madini ya titani. Mbili zilikatika, oili ikamwagika yote. Na lile lililoniuma zaidi ni kwamba hatari hiyo ilikuwa inajulikana. Julai 2008, helikopta ya aina hiyo hiyo ilipata shida kama hiyo Australia, ikatua salama. Januari 2009 mtengenezaji akatoa agizo kwamba bolti zile zibadilishwe, ziwekwe za chuma. Muda uliotolewa ulikuwa mwaka mmoja, au saa 1,250 za kuruka. Hazikupita hata miezi miwili.

Baada ya watu 17 kufa, wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliamuru bolti zibadilishwe kabla ya helikopta hizo kuruka tena. Agizo hilo lilitoka kabla majuma mawili hayajaisha. Kazi iliyopewa mwaka mzima sasa haikuweza kungoja hata safari moja.

Je, tuseme ni mapenzi ya Mungu bolti ile ikatike?

Mungu alishasema mapenzi yake kuhusu mambo haya. Yako Kumbukumbu la Torati 22:8. Nyumba za Israeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walikaa na kulala huko juu. Mungu akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukuta kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Angalia wakati wa kujenga ukuta huo. Unajengwa nyumba ikiwa mpya, kabla hajaanguka hata mtu mmoja. Mungu anayewaagiza malaika wake watulinde katika Zaburi 91 ndiye huyu aliyeamuru ukuta wa dari. Maombi hayachukui nafasi ya ukuta.

Watu wa Newfoundland walijifunza hili kwa machozi. Tarehe 15 Februari 1982, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Ocean Ranger ulizama katika bahari hiyo hiyo. Wote 84 walikufa. Tume ya uchunguzi iligundua kwamba hawakuwa na suti za kuzuia baridi ya maji, wala mafunzo ya kutosha. Baadaye suti hizo zikawa za lazima. Kwa hiyo yule mmoja aliyetolewa baharini akiwa hai mwaka 2009 alikuwa amevaa suti. Mpendwa, wale 84 ni kama walimwachia ukuta wa dari. Huko ndiko kuwaheshimu wafu: kifo chao kimzuie mwingine asianguke.

Shada la maua ni zuri. Dakika ya kimya ni nzuri. Lakini shada hukauka kaburini, ilhali ngazi mbovu iliyomwangusha fundi bado inasimama pale pale, ikimngoja fundi mwingine.

Ndiyo maana leo nakuomba ufanye jambo moja. Kama wewe ni mwajiri, na kuna kifaa ulichoambiwa ni kibovu ukasema mwisho wa mwezi, kirekebishe leo. Mkandarasi, vijana wako wafunge mikanda kabla hawajapanda. Dereva, usifunike gari kwa damu ya Yesu huku ukijua breki hazishiki. Na wewe mfanyakazi unayeona hatari ukanyamaza kwa kuogopa kufutwa, tafuta mwenzako mkaseme pamoja. Kusema kweli kazini si uasi. Ni kumpenda jirani.

Na kama wewe ndiwe uliyefiwa, na mtu wako alitoka kwenda kutafuta mkate hakurudi, sikia neno hili. Hukosi imani kwa kuuliza ni nini kilimuua. Uliza. Bwana wetu alilia kaburini kwa Lazaro, na hakukemea machozi ya Martha na Mariamu.

Tuombe. Baba, wakumbuke wajane, wagane na yatima wa tarehe hii. Walinde wote walio angani, baharini, barabarani na juu ya majengo leo. Tusamehe pale tulipokuita wewe mhusika wa uzembe wetu. Tupe mikono ya kujenga ukuta kabla mtu hajaanguka. Katika jina la Yesu.

Andika Amina, kisha mtaje kwa jina la kwanza mmoja wako aliye kazini sasa hivi. Tutamwombea.