Chupa Tisa Ambazo Hazikurudi

Jumapili moja ya Januari 2022, jua la kaskazi likiwa limeanza kulegea, dada mmoja alinijia pale ufukweni Mama Ngina ninapopanga bidhaa zangu, karibu na mbuyu mkubwa, mahali unapokiona kivuko cha Likoni kikienda na kurudi. Hakunisalimu. Kwetu Mombasa mtu akikufikia bila salamu, ujue ana lake moyoni. Alitoa chupa mkobani, akafungua kifuniko, akanisogezea puani. Ilinuka tui lililochacha. Shingoni mwa chupa palikuwa na ukungu wa kijivu, umetanda kama utando wa buibui.

"Hii nimempaka mwanangu kichwani siku nne," aliniambia.

Nyuma yake alisimama binti wa miaka sita hivi. Mamake akamfungua mtandio. Nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, na kwenye mstari wa nywele vilikuwa vimetoka vipele vyenye usaha. Mtoto hakulia. Alinitazama tu.

Chupa ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeibandika lebo ya kijani kwa mkono wangu mwenyewe: Asili Tupu, Haina Kemikali. Ndani yake mlikuwa na tui la nazi, ute wa bamia na utomvu wa shubiri, vyote nimevisaga asubuhi jikoni kwangu na kuvichuja kwa kitambaa cha leso. Naandika haya kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaopika mafuta na kondishona nyumbani, na kwa wanaonunua kwetu, maana mimi nililiamini kila neno la lebo ile.

Imani yangu ilikuwa na chanzo chake. Nilipokuwa na miaka 19, wiki ya harusi ya binamu yangu, nilikwenda kutia dawa ya kunyoosha nywele. Kichwa kilianza kuwaka, nikasema, nikaambiwa nivumilie kidogo ishike. Nilipooshwa, nywele za pembeni mwa uso zilitoka pamoja na maji, zikabaki kwenye beseni. Harusini nilifunga kilemba siku zote tatu. Leo najua kilichonipata: nyingi ya dawa zile hutengenezwa kwa kostiki soda, na kipimo chake cha pH hufika 12 na kupanda. Huvikata vifungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo na nguvu, na zikikaa kupita muda wake zinakula unywele na ngozi pamoja.

Aliyeniponya ni bibi yangu, nyumbani kwake Kibokoni, Mji wa Kale. Alikuna nazi nne kwa mbuzi, akakamua tui zito, akaliweka jikoni kwa moto mdogo. Tui lilichemka, likakatika, mafuta yakapanda juu na mashapo yakashuka yakawa ya kahawia. Bibi hakuyaepua hapo. Aliinamisha kichwa akasikiliza. Sufuria ilikuwa ikitoa mlio mdogo, chri-chri-chri, na aliuacha moto mpaka mlio ule ukakoma. Ndipo akaepua, akachuja, akatia maua ya asumini mafuta yakiwa vuguvugu. Siku ya kuosha alitwanga majani makavu ya mkunazi, akayavuruga kwa maji mpaka yakatoa povu jepesi, majani yale yale tunayowaoshea maiti wetu. Yaliyobaki aliyamwaga siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja kingo za uso wangu zilikuwa zimeota.

Nikajifunza jambo moja kutoka kwake, nalo nikalijifunza vibaya. Nilisema moyoni: cha bibi ni dawa, cha dukani ni sumu. Nikafanya biashara juu ya sentensi hiyo.

Siku ile ya chupa nilifunga meza mapema, nikaenda na mama yule na mwanawe hospitali, nikalipa. Daktari alisema ni maambukizi ya vinyweleo, akaandika dawa. Usiku sikulala. Alfajiri nikabisha kwa jirani yetu mzee, aliyesomesha kemia miaka mingi kabla hajastaafu. Nilimpa chupa. Aliinusa, akaniuliza kuna nini ndani. Nilipomaliza kumweleza, akasema:

"Mwanangu, tui ni chakula. Wewe ukila unashiba, na vijidudu vikila vinashiba. Umeviwekea karamu, ukavifungia na kifuniko."

Nikamwambia bibi yangu alitumia nazi maisha yake yote na haikuoza hata siku moja.

"Bibi yako alikuwa anasikiliza nini pale sufuriani?"

Nilinyamaza, kwa kuwa jibu lilinijia papo hapo. Mlio ule ulikuwa wa maji yanayotoka. Ulipokoma, maji yalikuwa yamekwisha, yamebaki mafuta matupu, na ukungu hauoti kwenye mafuta matupu. Na yale majani ya mkunazi, yenye maji, aliyamwaga siku ile ile. Bibi hakuwahi kuweka kitu cha majimaji kabatini wiki mbili katika joto la Mombasa. Alijua alichokuwa akifanya. Mimi niliichukua nazi, nikauacha ujuzi wake.

Kuanzia hapo mwalimu yule alinifundisha kila baada ya swala ya alasiri, muda wa miezi kadhaa. Kitu cha kwanza alichonivunjia ni neno "kulisha". Nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba kondishona yangu inalisha nywele. Unywele uliokwisha kuchomoza juu ya ngozi hauna uhai, hauli kitu. Unachoweza kufanya ni kuulinda usichakae.

"Tazama paa la makuti," aliniambia, akinionyesha banda la wavuvi ng'ambo ya maji. Kila kuti limelalia jingine, toka juu kwenda chini, ili mvua iteleze. Nje ya unywele kuna magamba yaliyopangwa hivyo hivyo, toka shinani kwenda ncha. Yakilala vizuri, nywele zinateleza, zinang'aa, chanuo linapita. Sabuni kali, dawa ya kunyoosha, pasi ya moto na jua vinayainua na kuyamega. Makuti yakiinuka, ya nywele hii yananasa ya nywele ile, na hapo ndipo mtoto analia akichanwa.

Kinachoyalaza ndicho kilichonishangaza. Unywele ulioharibika hubeba chaji hasi, na kadiri ulivyoumia ndivyo chaji hiyo inavyozidi. Katika kondishona nzuri kuna kiungo chenye chaji chanya. Ninachotumia mimi huuzwa kwa jina la BTMS, na asili yake ni mafuta ya mimea kama rapa, yakageuzwa maabara. Ukisuuza maji hupita, lakini kiungo hicho hung'ang'ania unywele, na hung'ang'ania zaidi pale palipoumia zaidi. Nilipolielewa hilo nilikaa kimya kitambo. Miaka yote nilikuwa nikilikimbia neno kemikali, kumbe kemikali hii inakwenda yenyewe kumtafuta mgonjwa.

Nilinunua mizani ya gramu, kipimajoto na karatasi za kupimia pH. Kwa kilo moja ya kondishona napima hivi: maji yaliyokenekwa gramu 860, BTMS 50, setili alkoholi 30, mafuta ya nazi 20, gliserini 20, panthenoli 10 na kihifadhi 10. Ndiyo, mafuta ya nazi ni gramu 20 tu. Wateja wangu wa zamani hawakuamini. BTMS, setili alkoholi na mafuta huyeyuka pamoja kwenye chombo kimoja mpaka nyuzi 75, maji na gliserini kwenye chombo kingine mpaka nyuzi hizo hizo, kisha navimimina pamoja nikikoroga. Mara ya kwanza niliyaacha maji yapoe nikijibu simu. Mchanganyiko ukakatika, ukaelea vipande kama nta. Mara ya pili nilisimama pale pale. Maji yaligeuka maziwa mbele ya macho yangu, na yalivyopoa yakawa malai mazito, meupe, yanayosimama kwenye mwiko. Kihifadhi na panthenoli huingia mwisho, joto likishuka chini ya nyuzi 40. Halafu tone la asidi ya ndimu iliyoyeyushwa, napima, tone, napima, mpaka pH isome 4 na nusu. Kwenye uchachu huo mdogo makuti hulala.

Fomula ya vitabuni ilibidi niitengeneze upya kwa hewa ya hapa. Nilianza na gliserini gramu 60, kwa kuwa gliserini huvuta unyevu. Ilipofika masika, hewa imelowa hata chumvi inayeyuka kwenye kikopo, gliserini ilivuta unyevu wote huo ikauingiza kwenye nywele. Zikafura. Wateja watatu walinirudia wiki moja na malalamiko hayo hayo, ndipo nikashusha mpaka 20. Na mteja wangu wa Nairobi alinipigia Julai akisema mafuta yake ya nazi yameharibika, yamekuwa meupe na magumu. Hayakuharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25, jambo ambalo Mombasa hatulioni mara nyingi. Sasa nimeliandika kwenye lebo.

Maji nayo yana neno. Wengi wetu kisiwani tunaoga maji ya kisima yenye chumvi. Hayo huacha utando juu ya nywele hata ukitumia kondishona ya bei gani, kwa hiyo nawaomba wateja waweke kopo mbili za maji baridi ya mtungi kwa suuzo la mwisho.

Nisieleweke kwamba nimemwacha bibi. Watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha mwaka 2003 kazi ambamo walilinganisha mafuta ya madini, ya alizeti na ya nazi. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele, nzima na zilizoharibika, yakipakwa kabla ya kuosha au baada, na sababu waliyoitoa ni kwamba asidi yake ya lauriki ni ndogo na nyoofu, inapenya hadi ndani ya unywele. Ndiyo maana nawaambia akina mama wanaoleta watoto kuogelea: paka mafuta ya nazi kabla ya kuingia baharini, si baada. Nywele iliyokwisha kunywa mafuta inakunywa maji kidogo. Mafuta hayo nayapika mimi, kwa moto mdogo, na nayasikiliza mpaka yanyamaze.

Wanawake huniuliza pia kuhusu dawa za kunyoosha na saratani. Nawaeleza ninachokijua. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11. Kati ya wasiotumia dawa hizo walikadiria kuwa asilimia 1.64 wangepata saratani ya mfuko wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, asilimia 4.05. Utafiti huo ulionyesha mahusiano, haukusema kwamba kila anayenyoosha ataugua, na mimi sitamtisha mtu ili anunue chupa yangu. Ila binti yangu sitamtia.

Lebo ya kijani sikuichapisha tena. Ya sasa ni nyeupe, ina kila kiungo kilichomo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Neno "haina kemikali" halimo. Niliacha kuuza kondishona mpaka sampuli zilipopimwa na nikapata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Miezi hiyo niliishi kwa kuuza kachiri na mabuyu pale pale Mama Ngina, na nilipata riziki yangu.

Yule mtoto alipona baada ya wiki mbili. Naonana nao wakati mwingine, siku za Idd, wakitembea kandokando ya bahari. Mamake sasa hunisalimu. Hajanunua tena kwangu, na sina haki ya kumlaumu.

Januari ile nilikuwa nimeuza chupa 31 za lebo ya kijani. Nilipiga simu, nikazunguka Kibokoni, Kuze na Makadara mlango kwa mlango, nikarudisha pesa, nikazikusanya 22 na kuzimwaga. Tisa sikuzipata. Wako waliokuwa wageni, waliokuja kupunga upepo wakarudi kwao. Kama unasoma haya na kwenye kabati lako kuna chupa yenye lebo ya kijani, imeandikwa Asili Tupu, usiifungue kuinusa na usimpake mtoto. Itupe. Ukija Mombasa niulizie Mama Ngina siku ya Jumapili, karibu na mbuyu, upande unaotazama kivuko. Pesa yako bado ninayo.