Picha Haizuii Mvua

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hufika Kibaha baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 40. Huko kuna kituo kiitwacho Picha ya Ndege. Kila nilipopita hapo niliwaza kwamba picha ni jambo kubwa, ikiwa mahali paweza kuitwa kwa jina lake. Sikuwaza kwamba picha yaweza pia kumwondoa mtu mahali alipolala. Hilo nilijifunza hapo hapo Kibaha, na aliyenifundisha hakuwa mkufunzi wa chuo nilikopata stashahada yangu ya uandishi wa habari.

Miaka michache iliyopita nilishuka Maili Moja alfajiri, wakati wa masika. Barazani pa duka moja alilala mama pamoja na wanawe wawili. Walikuwa wamejifunika khanga moja, na mvua ikiwarushia matone miguuni. Nilitoa kamera. Moyoni nilikuwa na huruma ya kweli. Sikutafuta sifa peke yake. Picha ile ilitoka gazetini ikiwa kubwa, na wenzangu wakanipongeza kwamba nimewatetea wanyonge.

Wiki moja baadaye nilirudi na nguo na unga uliochangwa na wasomaji. Baraza lilikuwa tupu. Muuza kahawa wa jirani aliniambia kwamba mwenye duka, alipoliona duka lake gazetini, aliona haya, akawafukuza usiku ule ule. Nilisimama na mfuko wa unga mkononi, kama mtu aliyefika matangani baada ya watu kutawanyika.

Tangu siku hiyo nilijiuliza: sanaa yamfaa nini mtu asiye na pa kulala? Picha haizuii mvua. Hata hivyo, historia yetu haikubali jibu la haraka. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, hakuwa mtu wa mali. Alichora kwa rangi za mafuta juu ya mbao nyembamba za dari, na mtindo ule ukawa riziki ya jamaa zake na ya vijana wengi hadi leo. Mwaka huo huo wa 1972, kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, ilianzishwa Nyumba ya Sanaa mjini Dar es Salaam. George Lilanga aliingia pale akiwa mlinzi. Alipofariki mwaka 2005, kazi zake zilikuwa zimekwisha fika Ulaya na Marekani. Mwaka 1992 Sista huyo alishiriki pia kuanzisha kituo cha Dogodogo kwa ajili ya watoto wa mitaani. Katika mifano hiyo brashi ilikuwa mkononi mwa mhitaji mwenyewe. Mimi kamera niliishika peke yangu.

Nilimpelekea mjomba wangu kisa hicho, kule Kisarawe. Yeye ni seremala na mchongaji, na Uzaramo ni nchi ya wachongaji. Huko ndiko kwenye mwana hiti, kinyago kidogo kisicho na mikono, ambacho mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa akitunze kama mtoto wake. Mjomba alinisikiliza bila kuacha tezo.

“Mwanangu,” akasema, “mtu akinijia nimchongee kiti, kwanza humwuliza atakikalia nani. Kiti cha mzee si kiti cha jikoni. Wewe yule mama ulimwuliza nini?”

Sikuwa nimemwuliza hata jina.

Nilirudi kwa muuza kahawa. Kwa kuulizia huku na huku nilipata habari kwamba mama yule amehifadhiwa na dada yake, upande wa Kisarawe. Mjomba akakubali tufuatane. Tulimkuta akikanda unga. Aliponitambua hakugomba, jambo hilo liliniumiza zaidi. Alisema, “Dada, ulinipiga picha nimelala. Ungeningoja niamke, ungeniona nauza maandazi. Labda mtu angenunua.”

Akatueleza kilichomtoa chumbani mwake. Kodi ya mwezi mmoja aliimudu. Mwenye nyumba alitaka ya miezi 6 kwa mkupuo. Vyumba vilikuwapo tele Kibaha. Kilichomshinda ni fedha nyingi za siku moja, kwa mtu ambaye mapato yake ni ya senti kila siku.

Mjomba hakusema neno. Baada ya siku chache alimletea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa sanduku la maandazi lenye kioo mbele na kitasa nyuma. Mimi nikapaka maandishi ubavuni, yeye mama akichagua maneno na rangi. Cha pili kilikuwa kibubu cha mninga chenye vyumba 6, kila chumba na tundu lake: mwezi mmoja, tundu moja. Watoto walilishindania tundu la kwanza. Ilichukua miezi 11, kwa kuwa homa ya mtoto ilikula vyumba viwili vilivyokwisha jaa, lakini siku ilifika kibubu kikapasuliwa na chumba kikapangwa.

Sisemi kwamba kibubu kitamaliza tatizo la makazi. Kazi hiyo ni ya taifa zima. Kwa ajili hiyo Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Na kwa ajili hiyo ulianza mwaka 2001 Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora, ulioeneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa kuni, na chokaa ya kuunganishia hupungua. Huo nao ni usanifu wenye kumtetea mtu. Lakini tofali bora nalo lahitaji swali la mjomba: atakaa nani, naye hulipaje?

Siku ya kuhamia, mama alinikaribisha chai. Akapanga wanawe mlangoni, akasimama katikati, akafunga khanga yake vizuri. “Haya, dada, sasa piga.” Nilimwuliza nisimame wapi, akanionyesha. Picha hiyo haikutoka gazetini, wala haitatoka. Ipo ukutani mwake, juu ya kitanda.

Ndugu msomaji, masika yakirudi utawaona watu barazani. Ukitaka kuwasaidia kwa kalamu, kwa kamera au kwa randa, waamkie kwanza. Kisha uliza.